Wimbo wa Tatu ni wa Baba

Bristol, Uingereza
Jumapili usiku

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama. Mie huku sijambo, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo hatujapatana. Khofu yangu ni kwenu: goti lako, presha ya Shangazi, na huyo mdogo wangu ambaye nasikia kila mtihani ukikaribia anaumwa na tumbo.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nimekaa kitako. Kwa hivyo mtoto wa jirani aliyeko London kaleta khabari kwamba mie naonekana usiku kwenye madansi, tena mbele kabisa, miguuni mwa wanamuziki. Mama, hajasema uongo. Ni usiku kweli, niko mbele kweli, na hapo miguuni mwao ndipo penyewe pa kazi. Alichoacha kukwambia ni kwamba nina kamera usoni. Isha nasali kabla sijatoka, na nikifika huko nakunywa soda ya limau. Kukuficha nimekuficha, hilo nakubali, miaka miwili sasa. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, maana kwenye simu utanikata kabla sijafika katikati. Mdogo wangu akusomee, na asiruke.

Ilianza kazini. Katika nyumba hii ya wazee ninayofanyia kazi, mwenzangu mmoja wa zamu ana mwanawe mwenye bendi. Walikuwa wapige kwenye ukumbi mdogo wa mtaani, wakataka mtu wa kuwapiga picha bure. Mie nilikuwa nimenunua kamera iliyokwishatumika, Canon 6D, pauni 340 pamoja na lenzi moja ya milimita 50. Niliinunua nipige njiwa na milango ya watu, nisahau kwamba Januari ya huku jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Nikasema nitakuja.

Usiku ule nilifyatua picha 900. Zilizofaa zilikuwa 6. Nyingine giza tupu, nyingine mtu hana kichwa, nyingine maikrofoni imemkaa mdomoni kama embe. Na nilitumia flashi, Mama. Mpiga ngoma akanitupia jicho ambalo sijaliona tangu siku ile nilipokatiza mbele ya Bibi akiwa anasali. Baadaye nikaelewa: flashi inamtia mtu upofu katikati ya kazi yake, halafu inazifuta taa zote walizozipanga, na unachobakiwa nacho ni picha ya pasipoti.

Bila flashi mambo ni haya. Chukua chumba chetu cha uani, kile chenye dirisha dogo. Ukiingia mchana lazima usubiri macho yazoee ndipo uweze kutia uzi kwenye sindano. Ukumbi wa muziki ndivyo ulivyo, na zaidi taa zinakimbia na unayempiga hatulii. Kwa hivyo unaifungua lenzi mpaka mwisho wake, yangu inafika f/1.8, na namba hiyo ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Kamera unaipandishia ile ISO, yaani wepesi wake wa kuona mwanga, mpaka 3200 au 6400, na unakubali picha iwe na chengachenga kama unga usiochekechwa vizuri. Kisha kile kilango cha ndani kinafunguka kwa muda huu: sekunde moja uikate vipande 250, uchukue kimoja. Kikichelewa kufunga, mkono wa mpiga gitaa unatoka kama moshi.

Hapo sasa nikaanza kuwaandikia waandaaji kuomba ruhusa. Wengi hawajibu. Mmoja akajibu, wa pili akajibu, na polepole nikaanza kuingia kwenye kumbi kubwa. Jambo moja lilinichekesha. Wapigapicha wa jukwaani huvaa nyeusi, ili wasimulike mbele ya watazamaji. Wenzangu wanahangaika kutafuta fulana nyeusi, suruali nyeusi, viatu vyeusi. Mie nilitoka na buibui langu na mtandio, tayari. Mlinzi mmoja akaniambia nimevaa kitaalamu kuliko wote.

Kwenye kumbi hizo kuna sheria: nyimbo tatu za mwanzo, bila flashi, kisha nje. Wanakubandika stika kwenye nguo, wanakuingiza kwenye ujia ulio baina ya jukwaa na uzio wa watazamaji, upana wake kama kibaraza chetu, mnajibana humo watu saba, wanaume sita na mie. Masikio umeziba kwa plagi za mpira, maana kelele zikishapita desibeli 85 sikio linaanza kuharibika taratibu, na pale mbele ya spika zinafika 100 na kupita. Wimbo wa tatu ukimalizika mlinzi anapunga mkono, mnatolewa kwa ubavuni kama watoto wa chuo cha Kurani. Dakika 12 hivi, khalas. Mwimbaji hata jasho hajaanza kutoka.

Basi katika dakika hizo ndipo nilipojua kwamba Baba alikuwa kanifundisha kazi, bila ya yeye kujua wala mie. Unakumbuka alivyokuwa akinichukua mazoezini, nalala kichwa kimeegemea sanduku la fidla? Alikuwa akiniambia nisimtazame mwimbaji, nisikilize fidla, hizo ndizo zinazomfungulia mlango. Kwenye taarab mwimbaji akimaliza mstari ala zinamjibu, na katika lile jibu ndipo anaposhusha mabega, anavuta pumzi, anawatazama watu. Hawa wa huku na magitaa yao ni vile vile. Wenzangu wanafyatua pale mtu anapoimba, wanaambulia maikrofoni na meno. Mie nangoja jibu. Mdomo ukitoka kwenye maikrofoni uso wote unafunguka, nafyatua mara mbili, basi. Na kiitikio kikikaribia nageuka nyuma nikawapige watazamaji, kwa sababu najua wataamka, kama kwetu mabibi wanavyoinuka na noti mkononi kwenda kutunza.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni kwenye meli. Naam, meli. Inaitwa Thekla, iliundwa Ujerumani mwaka 1958 kwa kubebea mizigo, sasa imefungwa bandarini hapa na muziki unapigwa tumboni mwake. Siku ya mwanzo nilishika ukuta wake wa chuma nikakumbuka safari zetu za Pemba, sote tumejilaza chini kwenye mikeka, na wewe unatapika tangu mkondo wa Nungwi mpaka Mkoani. Hii haiendi popote, ungeipenda. Lakini siku hiyo hiyo nilipata funzo. Nilitoka kwenye baridi nikaingia palipojaa pumzi za watu, lenzi ikashika mvuke kama kifuniko cha sufuria ya ubwabwa. Ukiifuta, inarudi. Wimbo wa kwanza wote uliniponyoka nimeibana kwapani kuipasha moto. Siku hizi nafika nusu saa kabla, kamera inazoea hewa kama mgeni.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nisiache.

Alipofariki Baba, watu wa klabu yake ya taarab walituletea bahasha ya picha. Zilikuwa 14, nilizihesabu juu ya kitanda chako. Nyingine za maharusini, nyingine za Ngome Kongwe. Katika zote 14 Baba yumo, na katika zote 14 hayumo. Moja kazibwa na mkono wa bibi anayemtunza mwimbaji, noti imekaa pale pale palipo uso wake. Moja linaonekana goti na ncha ya upinde. Na moja, ile iliyogeuka rangi ikawa kama chai, ni sikio. Uliishika ile ya sikio ukasema, “Ndiye.” Picha yake nzima ni ile aliyopigwa Capital Art Studio, studio ya kina Oza iliyokuwapo tangu mwaka 1930: kavaa koti, fidla kaipakata kama mtoto wa watu, uso kaukaza kama anayengoja kuitwa na kadhi. Ile si sura yake. Sura yake ni ile ya kupiga, ulimi umechomoza kidogo pembeni ya mdomo. Wewe unaijua, mie naijua, na mdogo wangu hajawahi kuiona.

Aliyepiga zile picha simlaumu. Mkanda wake ulikuwa na nafasi 36, na kalipwa ampige mwimbaji. Bi Kidude, Mungu amrehemu, amefariki tangu Aprili 2013 na bado unaikuta sura yake kwenye mabango na fulana. Ni haki yake. Lakini mie nikizitazama picha zake jicho linanikimbilia nyuma: nani yule wa akodioni? Hata Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, hakwenda peke yake.

Kwa hivyo ndani ya sheria yao nimetia yangu. Wimbo wa kwanza na wa pili ni wa mwimbaji, wa tatu ni wa Baba. Nainama, nasogea mpaka mwisho wa ujia, natafuta mtu wa nyuma. Mpiga ngoma ndiye mgumu kuliko wote, kazungukwa na matoazi yake kila upande. Unapata upenyo mdogo wa kiganja baina ya toazi na ngoma, unaulenga, unangoja uso upite. Na huko nyuma taa haziwafiki vizuri, wanabakishiwa ile nyekundu. Hizi taa za LED ni balaa. Kamera inauona mwanga kwa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu. Nyekundu ikijaa peke yake nyingine mbili hazina kitu, uso unakuwa bapa kama nyanya iliyopondwa, huoni pua wala shavu. Dawa yake ni kupunguza mwanga wakati wa kupiga, halafu nyumbani unaigeuza nyeusi na nyeupe. Nusu ya picha zangu ni nyeusi na nyeupe kwa sababu hiyo. Watu wanadhani ni ustadi.

Mwaka jana nilimpelekea mzee mmoja mpiga besi picha yake. Akaniandikia kwamba yumo kwenye bendi ile kwa miaka 22 na hii ndiyo ya kwanza kujiona. Mkewe kaibandika kwenye friji.

Pesa utaniuliza, najua. Ni chache. Kuna waandaaji walichukua picha yangu wakaitia kwenye tangazo lao bila jina wala senti, nilipowaandikia wakanirejeshea alama ya kidole gumba. Hao nimemwachia Mungu, ila sasa hivi kila kitu nakitaka kwa maandishi kwanza. Wengine wanalipa. Zile pauni 80 nilizokutumia mwezi uliopita ukanunulia mchele, ni za huko. Kwa hivyo Mama na wewe umeshakula pesa za madansi, tuyamalize.

Sasa nina ombi. Likizo nimeiomba Februari, inshallah. Ndiyo wakati wa Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la pale Ngome Kongwe, na nitajaribu kupata kitambulisho cha wapigapicha, tangu lilipoanza mwaka 2004 sijawahi kulitazama ila kwa nyuma ya kichwa cha mtu. Lakini kinachonileta si hicho. Ami bado anapiga besi, na yule mzee wa Kikwajuni anayepiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, umenambia yu hai. Nataka niwapige usiku wa mazoezi, si harusini. Wakiwa na mashati yao ya nyumbani, kikombe cha chai chini ya kiti, wanagombana kuhusu bashrafu, ule muziki wa ala tupu usio na mwimbaji, waliyoianza vibaya. Nitakaa huko huko nyuma nilikokuwa nikilala. Nenda ukamwombee kwa Ami wewe, mie nikimwambia ataniuliza nimeolewa lini. Mwambie sitatumia flashi. Na asiende kunyoa, wala asivae ile suti. Atanuna, muache anune.

Dawa ya goti nimempa mtu anayekuja mwezi huu, ipo pamoja na soksi za Shangazi. Mdogo wangu mwambie sijamsahau, viatu anavyovitaka ni ghali kuliko lenzi yangu.

Humu ndani nimetia picha moja. Ni mpiga fidla wa bendi iliyokuja kutoka Ireland, wimbo wa tatu, hajui kama napiga. Chukua miwani yako, usiutazame upinde, tazama pembeni ya mdomo wake.

Wasalaam,
Mwanao