Mtumba Ukishavuka Kwenda Pemba, Hasara Ni ya Nani?

Mhariri, Assalaam alaykum.

Sisi ni wauzaji wa mitumba wa Unguja. Tunauza kwa WhatsApp na Instagram, na mizigo ya Pemba tunaipakia kwenye boti Malindi. Tunaleta kwako na kwa wasomaji jambo linalowagombanisha wauzaji na wateja wao wazuri, na huzidi kila Sikukuu ikikaribia: nguo au kiatu kikifika Mkoani au Wete kikakutwa na aibu, yaani kasoro, nani abebe hasara, na dhamana iishe lini?

Nguo mpya ya dukani ikiwa mbovu unabadilishiwa nyengine ya saizi ile ile. Mtumba hauna pacha. Fungua belo zima la magauni, ni bahati kupata mawili yanayofanana. Ndiyo maana ubishi wote hukomea kwenye pesa: zirudi zote, zirudi nusu, au zisirudi.

Ubishi wa saizi una dawa. Gauni la 12 la Uingereza ni kama 8 ya Marekani, na nguo ya China iliyoandikwa XL mara nyingi humkaa mtu wa M. Juu ya hayo nguo imeshafuliwa na pamba imeshapungua, kwa hiyo lebo haina maana tena. Nguo ilazwe mezani bila kuvutwa, futi kamba ipite kwapa hadi kwapa, kisha kiunoni, kisha bega hadi pindo. Kwa suruali uongezwe urefu wa ndani wa mguu. Wengi hukosea hapa: wanaandika "kifua 20" bila kusema ni upande mmoja. Inchi 20 kwapa hadi kwapa ni nguo ya kifua cha 40, na mwenye kifua cha 40 kamili haimfai, kwa sababu kitambaa kisichovutika kinataka inchi 2 hadi 4 za nafasi. Asiyeeleza hayo, sisi tunasema arudishe pesa zote na nauli.

Picha nazo. Nguo ikipigwa usiku chini ya taa, buluu iliyoiva huonekana nyeusi, na manjano ya jasho kwapani hayaonekani kabisa. Ipigwe mchana, kivulini karibu na dirisha: mbele, nyuma, kwapa na ndani ya kola. Sweta la sufu lishikwe mbele ya mwanga ili matundu ya nondo yajitokeze. Zipu ivutwe mara tatu. Mpira wa kiuno uvutwe huku umeusogeza sikioni. Ukisikia unaalika na haurudi, umekufa, na hakuna ufuaji utakaoufufua. Aibu iliyopigwa picha na kutajwa, mteja akaikubali, hairudishiwi pesa. Hapo hatugombani na mtu.

Tunakwama kwenye aibu ambayo hata muuzaji haioni. Viatu ndivyo vinavyotesa zaidi. Soli za raba nyingi, na ngozi bandia ya mikoba na jaketi, hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki. Kitu hiki huliwa na unyevu wa hewa polepole hata kiatu kisipovaliwa, na joto huharakisha. Kiatu kimekaa kabatini Ulaya miaka, kikabanwa kwenye belo, kikavuka bahari ndani ya kontena la moto, kikashushwa kwenye hewa ya pwani yetu. Juu kinang'aa kama kipya. Kinavaliwa siku tatu na soli inamegeka kama biskuti. Gundi haisaidii, kwani kilichobaki ni unga na gundi haina pa kushika. Tunabonyeza soli kwa dole gumba: ikinata, au ukucha ukiacha alama isiyorudi, kiatu hatukiuzi. Lakini vipo vinavyopita jaribio hili na bado vikafa mguuni.

Mteja anasema, na tunamwelewa, kwamba ametoa shilingi 30,000 akavaa siku tatu. Muuzaji anasema alikiuza kizima na ana picha. Wote wawili wanasema kweli.

Pia wapo wanaorudisha nguo isiyokuwa ile, au iliyokwisha kwenda harusini. Kwa nguo tunashona mshono mmoja wa uzi wa rangi ya mbali ndani ya pindo na kuupiga picha. Uzi ukikatwa, nguo haipokelewi. Kwa viatu tunapiga picha soli kwa karibu, maana mikwaruzo ya soli mbili haifanani. Kisha tunamtaka mteja arikodi video ya kufungua mzigo, bila kukata, kuanzia selotepu ikiwa bado nzima, na alalamike ndani ya saa 24.

Saa 24 hizo ndizo zilizozaa ugomvi mpya. Mzigo ukishuka Mkoani hupokewa na dereva au ndugu, unapelekwa Chake Chake, pengine hadi Konde, na unaweza kulala kwa mtu siku mbili. Wauzaji wanahesabu tangu boti ilipofunga gati, wateja tangu walipokata selotepu. Na mama aliye peke yake nyumbani, simu mkono mmoja na mkasi mkono wa pili, video yake haiwezi kuwa safi. Hatuoni haki kumnyima pesa yake kwa sababu hiyo.

Nauli nayo ina hesabu yake. Tuseme kupeleka mzigo mdogo ni 5,000. Blauzi ya 8,000 ikirudishwa, nauli ya kwenda na kurudi ni 10,000, imeshaizidi blauzi. Kwa hiyo kwa vitu vya chini ya 10,000 wengi wetu tunarudisha nusu ya pesa na mteja anabaki na nguo. Inafaa, ila wapo walioigeuza desturi, kila mzigo wana doa la kudai.

Tunajua Zanzibar ina sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Sheha naye yupo. Lakini kwa blauzi ya 8,000 watu hawafiki huko. Wananuniana, na jina la muuzaji linachafuliwa kwenye magrupu.

Tunaomba ushauri kwa wanaojua. Wanasheria, je, maneno "inauzwa kama ilivyo" yanamtoa muuzaji kwenye aibu asiyoijua? Masheikh, khiyari ya aibu, ile haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro, inasemaje juu ya soli ambayo kuoza kwake kulianza kabla ya mauzo lakini kukadhihiri mguuni mwa mnunuzi? Na nyinyi wateja wa Pemba, saa 24 zianzie wapi, na kwa kiatu mngeona haki dhamana ya siku ngapi, nauli ya kurudisha tukigawana nusu kwa nusu?

Wauzaji wa mitumba,
Mjini Unguja