Wageni wa kuvua maji mafupi Tanga wapelekwe na watu wa pondo

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma na sijaona mtu akiliandika. Ni kuhusu hizi safari za kuwapeleka wageni kuvua kwa fimbo kwenye maji mafupi huku kwetu Tanga, kuanzia Mwambani, Tongoni mpaka Kigombe, na upande wa visiwani Yambe na Karange. Sizungumzii uvuvi wa mkondo wa Pemba wa kufukuza nduaro na jodari kwa maboti makubwa, ule upo miaka mingi na una wenyewe. Nasema hawa wanaotaka kusimama kwenye maji ya magoti, au juu ya chombo kidogo kwenye mchanga na majani, wamtafute samaki kwa macho na wakishamuona ndo wamtupie chambo.

Kazi hii ni nzuri na inaweza kulisha nyumba nyingi huku pwani, ila inaharibiwa kabla haijakua na sababu naiona ni moja tu, anayempeleka mgeni sio yule anayeyajua maji, yaani mtu wa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo.

Nitoe mfano. Kuna hoteli moja, jina naliacha, inawapeleka wageni wake baada ya chai, saa mbili na nusu saa tatu hivi, boti ya faiba, mashine kubwa, kijana anayeendesha ni mzuri tu na ana adabu lakini kwao sio baharini, amejifunza boti juzijuzi. Siku hiyo ilikuwa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo maji yanatoka mbali. Mzee mmoja alikuwa anavuta ngalawa yake akamwambia, "Mjomba, hapo mbele utakwama, maji yanatoka hayo." Kijana akamjibu kwa heshima kabisa, "Mzee shikamoo, ila wageni wameshalipia na bosi kasema saa tano tuwe tumerudi." Akaingia. Dakika chache tu pangaboi, lile feni la mashine linalozunguka ndani ya maji, ikaanza kuchimba, maji yakawa matope matupu, nyasi za bahari zinaelea nyuma ya boti zimeng'oka na mizizi, na wale wageni wawili na fimbo zao za bei mbaya wakakaa juani juu ya fungu la mchanga mpaka maji yaliporudi mchana. Hawakumuona samaki hata mmoja na sidhani kama watarudi Tanga, na wakifika kwao watasema huku hakuna kitu.

Kitu kipo jamani! Tatizo ni saa. Huku kwetu mtoto yeyote wa pwani anajua mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanakupwa asubuhi, saa nne saa tano unakuta pamekauka unatembea kwa miguu, halafu yanaanza kujaa mpaka saa kumi jioni, na tofauti ya maji makavu na maji makubwa inapita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, asubuhi ile ile unakuta yamejaa na hayaendi mbali. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Sasa mtu akipanga safari kwa saa ya chai ya hoteli, siku nyingine atapatia kwa bahati na siku nyingine ataharibu, maana bahari haina habari na ratiba ya jikoni.

Mtu wa huku angewaambia wale wageni walale kwanza, waje saa tano, wasimame ukingoni mwa mkondo pale maji yanapoanza kupanda juu ya fungu. Hapo ndo samaki wanapanda nayo. Kolekole wanaingia kutafuta chakula, na siku nyingine unamuona kolekole anamfuata taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mgongoni kabisa, taa anafukua mchanga na kolekole anasubiri kile kitakachokurupuka, kamba au kaa mdogo, na mwenye jicho haangalii samaki wenyewe, anaangalia kivuli kinachotembea kwenye mchanga na lile wingu la vumbi ndani ya maji. Kikande naye anainamisha kichwa kula na mkia unachomoza juu ya maji unapepea. Mwatiko wanakuja kundi, midomo juu, wanalamba uchafu wa majani, hao wagumu sana kushika lakini wageni wanawalilia. Yote haya unayaona ukiwa na jua mgongoni na umesimama juu, na ukiwa KIMYA. Ukigonga ubao wa chombo mara moja tu wote wamekimbia.

Ndo maana nasema pondo. Wazee wetu wamesukuma madau na mitumbwi kwa pondo kwenye maji haya haya tangu zamani, unaishusha taratibu nyuma, unaegemea, chombo kinateleza hakitoi sauti, na pondo hiyo hiyo inakwambia chini ni mchanga au tope au mwamba. Sasa nimesoma na kuangalia video za wenzetu nikashangaa, kule Florida Marekani muongozaji anayelipwa pesa nyingi amesimama nyuma ya boti kwenye kijukwaa anasukuma kwa mti mrefu, ni pondo ile ile tu ila yao ya faiba! Na kwenye hifadhi yao ya Everglades kuna maeneo mashine ya kawaida hairuhusiwi kabisa, unaingia kwa pondo au kimashine cha betri, sababu waliona mapangaboi yamechora mistari kwenye nyasi za bahari na mstari mmoja unachukua miaka kupona. Hizo nyasi kwetu ndo nyumba ya tasi, ndo changu wadogo wanakulia humo, kasa anakula humo. Mwenye mtego wa dema la tasi akiona boti inalima pale anaona chakula chake kinalimwa.

Halafu kuna kina mama, na hapa naomba nisikilizwe vizuri maana kwenye mipango ya utalii huwa wanasahaulika kila mara. Maji yakikupwa lile fungu sio tupu, ni shamba. Kuna wanaofuata pweza na kijiti, kuna wanaookota kome na chaza, kuna wanaotanda dagaa, kuna wenye mwani wao kwenye kamba na vigingi. Mgeni anashushwa katikati yao bila hodi anaanza kurusha ndoana kichwani mwa watu, au boti inapita juu ya kamba za mwani inakata, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu ile boti haijulikani kijijini. Muongozaji wa pale pale hawezi kufanya hivyo, huyo ni shangazi yake, yule ni mama mkwe wake, anajua apite wapi na asubiri mpaka saa ngapi wamalize. Na mimi sioni kwa nini mama anayejua kila shimo la pweza asiwe muongozaji mwenyewe alipwe, kama mgeni anataka kujifunza kutembea kwenye maji bila kukanyaga taa, yaani ule mwendo wa kuburuza miguu, nani atamfundisha zaidi yake? Na akichomwa nani anajua kwamba mguu unawekwa haraka kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia, halafu hospitali? Yule kijana wa faiba hakuwa hata na chupa ya chai yenye maji ya moto.

Najua kuna watu wataniuliza, na nimeshaulizwa kijiweni, hii habari ya kumvua samaki halafu unamrudisha baharini sio kuchezea riziki? Watu wana njaa na wewe unamuachia kolekole kilo kumi aende zake? Swali la haki kabisa na mimi sitaki kulipuuza. Nikiwa mkweli hata mimi mara ya kwanza lilinikaa vibaya. Lakini tuangalie wenzetu. Belize, nchi ndogo tu ya wavuvi kama sisi, mwaka 2009 waliweka sheria kwamba aina tatu za samaki wa maji mafupi wanaofuatwa na wageni wasiuawe, wanavuliwa na kuachiwa, kwa sababu samaki yule yule akiwa hai anamlipa muongozaji leo na mwezi ujao tena. Bahamas mwaka 2017 wakatunga kanuni zao, mgeni lazima awe na kibali, na waongozaji wakawekewa utaratibu wao wa leseni. Ushelisheli, bahari moja na sisi hii hii ya Hindi, watu wanapanda ndege mpaka kisiwa cha Alphonse wanalipa madola kwa ajili ya kuvua na kuachia tu. Sisemi tufanye kila kitu kama wao. Huku kwetu naona tukubaliane kijiji kwa kijiji, samaki gani anarudi na yupi anaweza kuliwa, na yule aliyechoka sana au ndoana imeingia pabaya aende sufuriani, asitupwe. Ila anayerudishwa arudishwe kiungwana, ndoana ibanwe ule mwiba wake na plaizi kabla ya kuanza, samaki asitolewe kwenye maji kwa ajili ya picha ndefu ndefu, ashikwe na mikono iliyolowa, ashikiliwe ndani ya maji mpaka apate nguvu. Ukimuachia amelegea papa au mzia anamaliza kazi.

Na tusisahau tumetoka wapi. Tanga hii ilisifika kwa uvuvi wa baruti miaka na miaka, mlipuko unausikia ukiwa shambani, mwamba ukawa kifusi. Tangu zile operesheni za kuanzia 2016 hivi baruti imepungua sana na wazee wanasema samaki wa ukingoni wameanza kuonekana tena, na mimi nawaona. Pia maji mengi ya hapa yako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ilianzishwa 2009, kwahiyo sio kwamba hakuna mwenyewe, kuna hifadhi, kuna afisa uvuvi, kuna BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, kila kijiji. Vijana waliozuiwa nyavu za kokoro na baruti waliambiwa watafute kazi mbadala. Kazi mbadala hii hapa, wanaiangalia inapita mbele yao kwenye boti ya mtu mwingine.

Sheria nayo ipo upande wetu. Ile amri ya serikali ya mwezi wa saba 2025 iliyokataza wageni wasio raia kufanya biashara fulani fulani imetaja na kuongoza watalii, kwahiyo kazi ni ya Mtanzania. Lakini Mtanzania ni neno pana, anaweza kuwa wa popote na asijue bamvu ni nini. Ninachoomba ni kwamba kwenye maji mafupi muongozaji atoke kwenye kijiji chenye yale maji, athibitishwe na BMU, apewe mafunzo ya huduma ya kwanza na kiingereza cha kazi, maboya ya kuokolea yawe kwenye chombo, na masharti ya leseni yasiwe ya mtu mwenye ofisi na magari matano, yawe ya mtu mwenye ngalawa moja. Na hoteli iweke bei ya muongozaji wazi, mgeni ajue shilingi ngapi inaenda kwa yule aliyesukuma pondo, sio kijana anasubiri tipu kama hisani wakati ndo ameshika safari nzima. Mashine izimwe ukingoni mwa mkondo, kuanzia hapo pondo tu.

Wenye hoteli nao wasinielewe vibaya, nyie ndo mnaoleta wageni na bila nyie hakuna safari. Lakini mgeni aliyekwama kwenye matope harudi, na aliyemuona mkia wa kikande ukipepea mbele yake, hata akimkosa, ataomba kesho tena apelekwe, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Naiomba ofisi ya uvuvi ya mkoa pamoja na watu wa hifadhi waite kikao kimoja, BMU za Mwambani, Tongoni na Kigombe, wawakilishi wa kina mama wa pweza na mwani wawepo na wapewe nafasi ya kusema, na wenye hoteli wote waje na ratiba zao tuziweke pembeni ya ratiba ya maji. Kikao kifanyike kabla upepo wa kusi haujaisha, maana upepo wa kaskazi ukishaingia bahari inatulia, maji yanakuwa meupe, wageni wanafika, na hakuna atakayekuwa na muda wa kukaa.

Msomaji wenu,
Tongoni, Tanga