Inzi wa maembe hauawi juu ya mti

Mhariri,

Msimu wa maembe ukikaribia hapa Malindi, wakulima hukimbilia dawa, wakapuliza mti mzima, kisha wakashangaa maembe yakioza vilevile. Inzi jike hudunga ganda na kutaga mayai chini yake. Funza wakishaanguliwa ndani ya nyama, dawa ya juu haiwapati. Wanaopatikana ni majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, na nyigu wadogo, ambao ndio walinzi wa mwembe.

Inzi huyu asili yake ni Asia. Alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, na tangu hapo amewapiku inzi wa maembe tuliokuwa nao. Ana mistari miwili ya manjano mgongoni na alama nyeusi ya T tumboni. Inzi wa matunda ndio waliofanya Kenya isimamishe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, hadi 2021.

Pa kumkomeshea ni chini. Embe lililodungwa huanguka mapema, funza wakatoka na kujifukia sentimita chache tu ardhini. Baada ya wiki mbili hivi huibuka inzi wapya. Basi yaokoteni yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki na kuyafukia, juu yake pabaki nusu mita ya udongo ulioshindiliwa. Shimo la majembe mawili matatu ni kazi bure: mchanga wetu ni mwepesi, inzi hupenya. Asiyeweza kuchimba ayatie kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana, aliache juani hadi funza wafe kwa joto. Na yale marundo ya maembe mabovu yanayotupwa kando ya barabara baada ya lori kupakiwa? Kaunti iwatoze faini wanaoyaacha, maana rundo moja huharibu kazi ya mtaa mzima.

Mitego ya harufu ya methili eujenoli haieleweki vizuri. Huvuta madume peke yake. Chupa ikijaa mtu hufurahi, ilhali majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutaga. Itumieni kujua inzi wamefika lini, na waya wa kuning'inizia upakwe grisi, sisimizi wasije wakala ushahidi. Jike huvutwa na chakula, kwa kuwa mayai yake hayakomai bila protini. Chambo cha protini kilichotiwa dawa kidogo hupulizwa kwenye majani, kama mililita 50 za mchanganyiko katika eneo la mita moja ya mraba kwa kila mti, mara moja kwa wiki, tangu maembe yakiwa machanga hadi mavuno yaishe. Tunda lenyewe lisiguswe. Mvua ikiosha, rudieni.

Majimoto msiwachome moto. Wanauma, tena hufuga vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, hilo halifichiki. Lakini wanapopita juu ya embe huacha harufu inayomfanya inzi asite kutaga. Mchumaji ajipake majivu mikononi.

Maembe yakiisha, inzi huhamia kwenye mapera, machungwa na kungu. Mikungu ya kivuli iliyo uani na ufukweni, huku na Lamu, haina haja ya kukatwa. Kungu zilizoanguka zifagiliwe na kufukiwa mwaka mzima, na majirani wote wafanye hivyo katika wiki ileile.

Mkulima wa maembe,
Malindi