Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: tope la Ghuba ya Nungwe nalo lipimwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwenye mialo ya Geita, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na mvua ikisomba marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) huyapeleka vijitoni, kisha Ghuba ya Nungwe, Ziwa Victoria. Ukaguzi unapoishia kwenye chupa ya maji, majibu hutoka mazuri na jalada hufungwa. Zebaki haikai majini. Hung'ang'ania chembe laini za udongo na kuzama nazo. Chini, kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, aina ya zebaki inayojikusanya miilini mwa viumbe. Buu huimeza, furu humla buu, sangara humla furu.

Chota tope hilo, lichekeche: utaona mabuu wekundu, wembamba kama uzi. Wekundu huo ni hemoglobini, ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Wakikua, ndio wale wadudu wanaoruka juu ya ziwa kama wingu la moshi.

Tunaomba masharti ya vibali vya uchenjuaji yadai upimaji wa mashapo, yaani tope la chini ya maji, tena upimaji unaoaminika. Ichukuliwe sentimita 5 za juu, wanamoishi viumbe hao. Jiwe likizuia taya za kichoteo, kifaa cha kuchotea tope, kufunga, chembe laini huvuja njiani na zebaki huondoka nazo. Sampuli hiyo imwagwe, ichotwe nyingine. Chupa ijae hadi mdomoni, ikae kwenye nyuzi 4. Kosa baya kuliko yote ni kukausha tope kwenye oveni ya nyuzi 105 ndipo lipimwe zebaki, kwa kuwa sehemu yake huwa imeshapaa. Unyevu upimwe kwenye sehemu nyingine ya tope hilohilo.

Viwango vya maji baridi vilivyotolewa mwaka 2000, kwa takwimu nyingi za Amerika Kaskazini, vinasema madhara ni nadra chini ya miligramu 0.18 za zebaki kwa kilo ya tope kavu, na yanatarajiwa juu ya 1.06. Kwetu viwe kengele tu. Hukumu itokane na mabuu wenyewe: 20 wachanga kila chombo, tope la kina cha sentimita 1.5 hadi 3, maji mara nne ya tope, siku 28, kisha wahesabiwe walioibuka na mbawa. Kwenye tope safi la kulinganishia wakiibuka chini ya asilimia 70, jaribio ni batili. Amonia, ambayo hutoka hata kwenye samadi, ipimwe pia, la sivyo vifo vilivyosababishwa na samadi vitabebeshwa zebaki. Tope safi litoke kijito kisicho na mialo, lenye ulaini uleule. Kulinganisha tope na mchanga ni kazi bure.

Hata hivyo, mabuu wanaweza kumaliza siku 28 wakiwa hai huku zebaki-methili ikiendelea kupanda kwa samaki. Kwa hiyo ipimwe ndani ya mabuu na ndani ya furu wa ghuba hiyohiyo, mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapimaji wa mashapo na viumbe wa majini