Barua kwa binamu yangu anayejiandaa na kwanjula, sherehe ya utambulisho ya Waganda kabla ya harusi

Binamu yangu, salamu nyingi kutoka Kampala. Nimesikia kwa mama mdogo eti unataka kuja soko la Kikuubo ununue taji, maua na hereni za kwanjula, zile za plastiki, nikaona nikuandikie hapa hadharani maana mabibi harusi wengi wanawaza hivyo hivyo. Usinunue, tafadhali. Nyumbani kwenu Masaka shamba limejaa mali na mnaikanyaga tu.

Mgomba ukishazaa mkungu wake basi, shina linakatwa. Yale maganda ya shina yaliyokauka, byayi wanazofungia luwombo, kile chakula kinachopikwa ndani ya majani ya mgomba, ndizo nasukia taji. Ganda la nje lina kahawia iliyoiva, la ndani linakaribia weupe, ukiyachana membamba ukayasuka pamoja rangi zinapendeza zenyewe bila kutia dawa yoyote. Ila lazima yakauke kabisa, yakibaki na unyevu yanaota ukungu, alafu utomvu wa ganda bichi ukigusa gomesi, gauni lako la sherehe, lile doa halitoki, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba linakatwa leo unavaa kesho.

Maua ya mkononi tufanye ya maganda ya mahindi, yale laini ya ndani, unaloweka kwenye maji ya vuguvugu, unakata petali, unafunga na waya mwembamba, yakikauka yanabaki na umbo lake. Hereni na bangili ni pembe za ng'ombe wa Ankole kutoka machinjioni, inakatwa, inapashwa moto ilainike, inasuguliwa na msasa mpaka ing'ae, na hakuna pembe mbili zinazofanana michirizi, yaani hereni zako hatakuwa nazo mtu mwingine.

Lile lubugo uliloulizia si takataka, ni kitambaa cha gome la mti uitwao mutuba na mti wenyewe haufi, gome linaota tena. UNESCO wameiweka kazi hiyo kwenye orodha ya urithi mwaka 2008 na mimi naipenda sana. Lakini Waganda wanawazikia wafu wao ndani ya lubugo, kwa hiyo ongea na jjajja (bibi au babu) kwanza kabla hatujaliweka kichwani kwako.

Pesa uliyotaka kupeleka dukani ibaki kwa hawa wanawake ninaosuka nao, wengine ada ya watoto inatoka hapa hapa.

Mama aanze kuanika byayi sasa hivi, asimalize zote, nyingine zibaki chini ya migomba zitunze unyevu. Na wewe pima kichwa kwa uzi, nitumie kipimo WhatsApp pamoja na picha ya gomesi, ndio nichague rangi.