Kwa shoga yangu wa deka ya chini hosteli

Kilwa Masoko,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Hujambo? Mimi mzima, joto tu ndilo linanimaliza. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hapo uliposema unataka "kazi ya kusaidia jamii, ila iwe na gari". Mara ya pili nikakumbuka miezi yangu ya kwanza baada ya kuvua joho: bumu, ile posho ya mkopo wa chuo, limekata, nyumbani wananiita msomi, na nauli ya kwenda kwenye usaili naomba kwa mdogo wangu anayeuza chipsi.

Unajua nilianzia ualimu, miaka miwili ya kujitolea katika shule ya kata, wazazi wakichanga posho ambayo miezi mingine haikufika. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa yamefurika. Mkondo wangu wa kidato cha kwanza ulikuwa na watoto 92. Wametoka darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili, ghafla kila somo ni Kiingereza. Nikiuliza swali la Jiografia, kimya. Nikilirudia kwa Kiswahili, mikono inapaa mpaka nyuma kabisa. Hayo huwezi kuyapata kwenye semina. Kosa langu lilikuwa kujitolea bila kikomo. Ajira zikatangazwa, jina langu halikutoka, nikabaki nasubiri awamu nyingine. Wewe ukijitolea popote, muandikishiane kabisa: miezi sita au mwaka, na barua ukiondoka.

Ila wewe ni wa sosholojia. Ukitaka ualimu itabidi kwanza usome stashahada ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu Huria wanayo. Kabla hujafika huko, iangalie tena kazi uliyoibeza, ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Najua unamwona ni mtu wa kushinda na daftari la vikundi. Haya, fikiria mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudishwa mwaka uliofuata. Nani atajua kikundi kipi ni cha kweli na kipi ni baba, mama na shemeji? Ni huyohuyo mwenye daftari. Nafasi zikitoka hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo fungua akaunti kwenye mfumo wao wa maombi wiki hii na vyeti vigongwe muhuri wa wakili. Usingoje tangazo ndiyo uanze kumtafuta wakili.

Sasa hayo mashirika unayoyaota. Mimi sasa niko kwenye mojawapo: ninawafuata nyumbani wasichana walioacha shule kwa ujauzito. Serikali iliwafungulia mlango wa kurudi shule Novemba 2021, lakini tangazo likitoka Dodoma lina safari ndefu kufika vijijini. Juzi nilikwenda kwa msichana mmoja na afisa elimu kata, nimebeba makaratasi yangu, nikamweleza bibi yake haki, sera, faida. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na huyu mchanga atanyonya nini saa nne?" Nikafunga makaratasi. Tulikaa mpaka jua linazama, tukaanza kufikiria njia ya Elimu ya Watu Wazima, inayosomwa miaka miwili badala ya minne. Bibi hajakubali bado. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, shoga. Andiko la mradi linasema "walengwa watahamasishwa".

Gari lipo. Linakuja siku mgeni wa wafadhili anapokuja. Siku nyingine ni bodaboda na vumbi la puani. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Mradi niliokuwa kabla ya huu ulifungwa mfadhili alipojitoa, tukapewa wiki mbili. Mshahara wangu unamzidi mwalimu anayeanza, lakini yeye ana cheki namba, ile ya mtumishi wa serikali, benki inamkopesha. Mimi wananiuliza mkataba unaisha lini. Na Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 yao ya mshahara, uwe mwalimu au mimi.

Halafu wewe ulikuwa unapenda takwimu kuliko sisi wote pale hosteli ya Mabibo. Unaukumbuka utafiti wa Uwezo, wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, uliokuwa chini ya shirika la Twaweza: wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, mtoto akapewa zoezi la ngazi ya darasa la pili, hata kama yuko darasa la sita. Tafuta kazi za udadisi kama hizo. Ni za siku chache na malipo ni ya kununulia vocha, ila ukishakaa kwenye mikeka ya watu mia utajua kama kazi hizi unazitaka au unalitaka gari.

Kabla hujatuma maombi popote, njoo ukae kwangu wiki mbili. Godoro la ziada lipo. Alhamisi ya wiki ijayo narudi kwa yule bibi, tutakwenda wote. Njoo na viatu vya kutembelea, na asali ya Tabora usiisahau, chupa mbili. Moja ni ya bibi.

Wako,
wa deka ya juu