Bima ya afya serikali isikae pembeni

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila mjadala wa bima ukianza lazima mtu aseme serikali ikae pembeni kila mtu ajilipie, sasa mimi nauliza, mwenye kisukari au aliyezaliwa na siko seli atajilipiaje wakati kampuni ikishaona faili lake inampandishia bei au inamkataa kabisa? Marekani ndo ilikuwa hivyo mpaka sheria ya 2010 ilipokuja kukataza.

Bima inasimama wazima wakichangia pamoja na wagonjwa, wazima wakisubiri mpaka waumwe ndo wajiunge mfuko unabaki na wagonjwa tu, michango inapanda, wengine wanatoka, inapanda tena. Ujerumani waliliona hili toka 1883, wakaweka sheria wafanyakazi wa viwandani na waajiri wao wachangie, Uingereza 1948 wao wakaamua matibabu yalipwe kwa kodi, njia tofauti kabisa ila serikali imo kote.

Najua kodi inauma na pesa ya umma huwa inaliwa, hilo sikatai, basi hesabu za mfuko ziwekwe wazi kila mwaka tuzione. Lakini mama kukaa nyumbani na mtoto anachemka homa kisa hana kadi, hapana jamani, hilo siwezi kulikubali.